Barua Kutoka Nyarugusu

Saa sita na robo mchana, Janvier alirudisha sahani ya tatu kwenye dirisha la jikoni, na hapo Orpha akajua kwamba kuna jambo.

Sahani ya kwanza aliichukulia kawaida. Mteja aliagiza mbavu za kondoo, Janvier akaandika steki. Ya pili, mteja alitaka nyama yenye damu katikati, Janvier akaagiza iive kabisa. Lakini ya tatu? Ulikuwa mwaka wa tano wakifanya kazi pamoja, Orpha jikoni mbele ya moto, Janvier ukumbini na kitambaa cheupe mkononi, na hakukumbuka siku ambayo mwanaume huyu alikosea meza.

"Meza ya saba hawakuagiza nguruwe," alisema Janvier. Alikuwa akiitazama sahani. "Pardon, Mama Maombi. Kosa ni langu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi nitazame."

Hakumtazama. Alisogeza kikaratasi cha oda kwa kidole, akakirudisha pale pale kilipokuwa.

"Saa nane na nusu," alisema. "Wateja wakiondoka tutaongea."

Akageuka, akarudi ukumbini. Orpha akabaki na koleo mkononi, mafuta ya nguruwe yakidondoka kwenye makaa na moto ukimwinukia usoni. Zilikuwa zimebaki wiki sita wafunge ndoa.

Mkahawa wenyewe uliitwa Hos Sandelin, maana yake kwa Kiswidi ni kwa akina Sandelin, na ulikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na moja kutoka mtaani, hatua chache kutoka soko la Hötorget. Wateja wake waliupenda kwa sababu haukubadilika. Vibanda vilikuwa vya mbao nyeusi, vyenye migongo mirefu kiasi kwamba mtu aliyekaa ndani haonekani na wa jirani. Kuta zilikuwa na rangi ya chai, kazi ya moshi wa sigara wa miaka tisini na zaidi, na hata baada ya uvutaji sigara kupigwa marufuku mwenye mkahawa alikataa zisipakwe rangi. Mteja aliletewa sinia la nyama mbichi, akaonyesha kwa kidole kipande anachokitaka, kikaenda kuchomwa, kikarudi kwake kikitoa sauti. Mkate, viazi, bia nyeusi. Samaki hakuna, muziki hakuna. Siku za Alhamisi, mji mzima ukila supu ya njegere za manjano kama desturi yao, kwa akina Sandelin ilikuwa nyama tu.

Yote haya Orpha aliyajua kutoka kwa Janvier. Mwenye nyumba, Bi Gunnel Sandelin, mjane wa miaka sabini na sita, alimfundisha Janvier historia ya mkahawa ili naye awasimulie wageni, na Janvier, Mkongomani wa Uvira aliyejifunza Kiswidi ukubwani, aliogopa kukosea mbele za watu. Kwa hiyo kila hadithi aliipitisha kwanza jikoni, kwa Kiswahili.

"Sikiliza kama inaingia akilini," angemwambia Orpha. "Babu wa mume wa Mama Gunnel alikuwa mtoto wa mchinjaji. Akawa baharia, meli ikamwacha London anaumwa. Huko akaona nyumba za kula nyama, wanaume wamekaa kwenye mabenchi kama kanisani, kila mtu na kipande chake. Akarudi hapa akafungua ya kwake. Mwaka 1909."

"Inaingia."

"Bon. Sasa nyingine. Zamani huku mtu haruhusiwi kuuziwa pombe kama hajaagiza chakula. Basi wanaume wanaagiza kipande cha nyama, hawakigusi, wanakunywa. Mhudumu anakichukua kipande kile kile, anampelekea wa meza ya pili. Wa meza ya pili hakigusi. Kinakwenda meza ya tatu. Mpaka jioni kimekauka kama soli ya kiatu, kimezunguka ukumbi mzima na hakuna aliyekiuma."

Siku ile Orpha alicheka mpaka akaegemea friji. Alikuwa hajacheka hivyo tangu alipomzika mumewe Aristide, au tuseme tangu watu wengine walipomzika, kwa sababu yeye hakuwepo. Janvier alisimama na sinia lake akimtazama. Baadaye, walipoanza kusindikizana hadi Slussen ambako Orpha alipanda treni ndogo ya kwenda kwake Fisksätra, alimwambia, "Nilisikia kile kicheko, nikasema, Janvier, kwisha habari yako."

Orpha alikuwa mwanamke wa kwanza kushika moto wa nyumba ile. Bi Gunnel mwenyewe ndiye aliyempa. Mchomaji wa zamani alipostaafu, alimwita Orpha kutoka kwenye kuosha vyombo, akampa kipande kinene cha nyama yenye mfupa, akamwambia akichome bila kukikata kutazama ndani. Orpha alikibonyeza kwa kidole mara mbili tu. Baba yake alikuwa akiuza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, huko Uvira, kando ya barabara iendayo Kavimvira, na binti alijifunza kusikiliza nyama kwa ncha ya kidole kabla hajajua kusoma. Kipande kilipokatwa kilikuwa chekundu katikati, hakuna tone lililomwagika. Bi Gunnel alikila chote akiwa amesimama.

Saa nane na nusu wateja wa mwisho walipanda ngazi wakiwa wamevaa makoti yao. Wenzao wawili wa jikoni walitoka kwenda kuvuta sigara uani. Janvier alikuwa amekaa kibanda cha mwisho, chini ya dirisha dogo lililokuwa usawa wa barabara, mahali ambapo ungeona viatu tu vya wapita njia na theluji chafu ya mwezi wa tatu.

Orpha alivua aproni, akaketi mbele yake.

"Umebadili mawazo," alisema. Alikuwa amejiandaa kulisema hilo tangu saa sita, ili asije akaambiwa yeye.

"Hapana. Mungu anaona, hapana."

"Basi ni nini?"

Janvier alitoa bahasha mfukoni mwa shati. Ilikuwa imeshakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Ni ile karatasi tuliyojaza," alisema.

Orpha aliikumbuka vizuri karatasi hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyemlazimisha aijaze. Janvier alipokwenda kwa mara ya kwanza Fisksätra kujitambulisha, kaka yake Orpha, Melchior, ambaye dada yake alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wote uliobaki, alimsikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Mkeo alizikwa wapi?" Janvier akajibu ukweli. Vita vilipoingia mwaka 1998 alikuwa safarini Kalemie, njia ikafungwa, akakimbilia Zambia. Kambini alikutana na jirani yake wa Uvira aliyemwambia nyumba iliungua na waliokuwemo. Perpétue alikuwa na mimba ya miezi saba. Janvier aliweka matanga kambini, akanyoa nywele, akalia mwaka mzima. Kaburi hakuliona.

"Basi wewe si mgane," Melchior alisema. "Wewe ni mtu asiyejua. Dada yangu simwozi kwa mtu asiyejua. Nenda Msalaba Mwekundu, wakutafutie. Wakisema hayupo, njoo uchukue baraka zangu."

Janvier alikasirika. Alisema si haki kumfukua mtu aliyekwisha kumlilia. Ni Orpha aliyemtuliza, wakiwa njiani kwenda kituoni. "Jaza tu," alimwambia. "Ni karatasi. Yaya Melchior anataka moyo wake utulie. Jaza, tuoane kwa amani." Na ni yeye aliyekaa naye Jumamosi moja na kumsomea maswali: jina kamili la unayemtafuta, mwaka wa kuzaliwa, mahali mlipoonana mara ya mwisho.

Hayo yalitokea miezi kumi na minne iliyopita. Kimya kilikuwa kirefu mno hata Melchior mwenyewe akalegea, na mchungaji akatangaza ndoa.

"Wamejibu," alisema Orpha.

"Ilifika jana. Nimetoka nayo nyumbani Tensta asubuhi, nimeibeba kutwa."

"Wamesema nini?"

"Soma."

"Nisomee wewe."

"Siwezi kuisoma kwa sauti, Orpha. Nimejaribu."

Ilikuwa nadra sana amwite kwa jina lake. Orpha alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya ofisi kwa Kiswidi, ambayo aliiweka kando, na karatasi nyingine iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema.

*Janvier. Mimi Perpétue. Niko hai. Niko Tanzania, kambi ya Nyarugusu, tangu mwaka ule ule. Nilivuka ziwa. Mtoto alizaliwa salama, ni msichana, jina lake Heshima, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Watu walisema umekufa. Sikuweka matanga kwa sababu sikuona kaburi. Sijaolewa. Kama wewe umeoa sitakulaumu, miaka ni mingi. Unijulishe tu uko wapi, mtoto ajue ana baba.*

Orpha aliisoma mara mbili. Mara ya pili hakuwa akisoma, alikuwa akitazama tu jinsi kalamu ilivyokandamizwa kwenye neno *hai*.

Kulikuwa na picha pia. Mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani amesimama mbele ya ukuta wa udongo, mkono wake juu ya bega la msichana. Msichana hakutabasamu. Alikuwa amekunja uso kwa jua, na masikio yake yalisimama nje, makubwa, kama yale ambayo kwayo Orpha alizoea kumtania Janvier.

"Masikio haya ni yako," alisema.

Janvier alifunika uso kwa mikono.

Juu yao viatu vya watu vilipita, vya kike, vya kiume, gurudumu la kigari cha mtoto. Orpha aliiweka picha mezani taratibu, akiigeuza ili imwelekee Janvier.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna mtu."

"Mchungaji?"

"Wewe tu."

"Yaya Melchior hajui."

"Wewe tu, nimesema." Alitoa mikono usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala. "Nimewaza usiku kucha. Naomba unisikilize mpaka mwisho, usinikatize. Mwenyewe ameandika, kama nimeoa hatanilaumu. Siyo mimi niliyesema, ni yeye. Sasa zimebaki wiki sita. Nikimwandikia leo kwamba nimeoa, nitakuwa nimetangulia wiki sita tu. Mtoto nitamtunza. Nitamtumia ada, nitamtumia nguo, nitamwandikia kila mwezi. Atakuja kusoma huku akiwa mkubwa. Perpétue nitamsaidia mpaka kufa kwangu. Lakini maisha yangu yako hapa, Orpha. Miaka kumi siyo siku kumi. Hata sauti yake siikumbuki. Tulikaa miaka miwili tu ndani ya nyumba moja. Na wewe..." Alionyesha jikoni kwa kidevu. "Na wewe nimekuona kila siku kupitia lile dirisha."

Orpha hakumkatiza. Hakuweza hata kama angetaka, kwa sababu kila neno alilolisema lilikuwa likimwingia taratibu na kukaa. Angeweza kukubali. Aliliona hilo wazi kabisa. Gauni lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango Fisksätra, ndani ya mfuko wa nailoni. Bi Gunnel alikuwa ameahidi kufunga mkahawa Jumamosi nzima ili wafanyie sherehe humu ndani, jambo ambalo nyumba ya Sandelin haikuwahi kulifanya kwa mfanyakazi yeyote. Maombi, binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye mwanzoni alikuwa akijifungia chumbani Janvier akija, sasa alikuwa akimuuliza mama yake kwa Kiswidi kila Ijumaa kama Janvier anakuja kula. Na mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa ameshatoa ruhusa. Nini kingine kilibaki?

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Lakini usinijibu kunifurahisha."

"Uliza."

"Ulipofungua hii barua ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Niliikuta mlangoni. Nikaisoma nimesimama, na koti mwilini."

"Kisha?"

"Nikatoka. Sijui kwa nini. Nikashuka kituoni, nikakaa kwenye benchi. Treni zikapita, moja, mbili, nikawa siwezi kuinuka."

"Pale kwenye benchi. Kabla hujaanza kuwaza wiki sita, kabla hujanikumbuka mimi. Ulisikia nini moyoni?"

Janvier alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama sawasawa, na Orpha akatamani angeendelea kuangalia chini.

"Usiniulize hilo."

"Nimeshakuuliza."

Jikoni makaa yalilalia upande na kutoa sauti.

"Nilifurahi," alisema Janvier. "Nilifurahi, Orpha. Nisamehe. Nilisema, Mungu wangu, hakuungua. Miaka yote hii nilikuwa namwona akiungua. Nililia kwa furaha pale benchini mpaka mama mmoja Mswidi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Halafu ndipo nikakukumbuka wewe, nikaona aibu kwa ile furaha."

Orpha aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejua kabla hajauliza, na bado lilimuuma kana kwamba limetoka mahali asipopatarajia.

"Sasa nisikilize mimi," alisema. "Wewe unajua Aristide alikufaje, lakini sikukuambia jinsi nilivyomngoja. Kambini walikuwa wakibandika majina ya waliopatikana, kila Ijumaa, kwenye ubao. Nilikuwa namshika Maombi mkono, nasimama pale, nasoma toka juu mpaka chini. Nikimaliza naanza tena, labda nimeruka mstari. Mwaka mzima na zaidi. Halafu wakaja watu waliomzika, wakaniambia. Unajua nilifikiria nini wakati ule? Nilifikiria kwamba angekuwa hai, hata na mke mwingine, hata na wake watatu, ningeshukuru. Ningeandika barua kama hii. Ningeandika, kama umeoa sitakulaumu." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Na ningekuwa nasema uongo, Janvier. Mwanamke aliyengoja miaka kumi hajakupa ruhusa. Amekuachia njia ya kumkimbia bila aibu, basi."

"Mimi niliweka matanga," alisema Janvier kwa sauti ya chini. "Yeye hakuweka."

"Hukujua."

"Naye hakujua. Lakini hakuweka."

Orpha alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wake. Ulikuwa baridi. Alimruhusu naye aushike wake kwa nguvu, kwa dakika ile, kwa kuwa hapakuwa na sababu tena ya kujizuia wala ya kujionyesha.

"Mwandikie hujaoa," alisema.

"Orpha."

"Mwandikie hujaoa. Ndiyo kweli. Hujaoa. Peleka barua ofisini kwa Msalaba Mwekundu leo, kisha uliza zinatakiwa karatasi gani ili waje. Mtoto ana miaka tisa, Janvier. Atakutambua kwa masikio."

Alijaribu kutabasamu aliposema hivyo, ikashindikana. Janvier aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa Orpha, akalia kama wanaume wanavyolia wakijizuia, mabega tu yakitikisika.

"Na wewe?" aliuliza alipoweza. "Wewe nitakuacha na nini?"

"Mimi nina kazi yangu."

"Sitaweza kusimama pale dirishani kila siku."

"Hata mimi sitaweza. Mmoja wetu ataondoka."

"Nitaondoka mimi," alisema Janvier haraka. "Moto ni wako. Wahudumu wapo tele. Rafiki yangu Fidèle amekuwa akiniita kwenye kazi yake ya mabasi, Sundbyberg. Nitampigia."

"Haya."

Neno hilo dogo lilimtoka kirahisi, na lilipotoka Orpha akaelewa kwamba mambo yao yamekwisha. Miaka mitano ya sahani na vikaratasi na safari za Slussen ilikuwa imefungwa kwa *haya*.

"Umekula?" aliuliza.

"Tangu jana bado."

Orpha aliinuka. Alikwenda kwenye friji, akatoa sinia la nyama, akalileta mezani na kulishika mbele yake kwa mikono miwili kama Janvier alivyokuwa akiwashikia wateja.

"Chagua," alisema.

"Sisi hatuli humu."

"Leo utakula humu. Chagua."

Wafanyakazi wa nyumba ile walikula jikoni, wamesimama. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baharia. Janvier alilitazama sinia kwa muda mrefu, halafu akaonyesha kwa kidole kipande cha mbavu ya kondoo, kidogo, chenye mfupa mrefu. Orpha alirudi jikoni akachochea makaa. Alitia chumvi, akakiweka wavuni, akasimama hapo. Machozi yalimtoka wakati huo, akayaacha, kwani mbele ya moto ule kila mtu hutokwa na machozi na hakuna anayeuliza. Hakukibonyeza kwa kidole. Alijua tu.

Alikileta kwenye sahani moja, pamoja na visu viwili. Janvier alikikata katikati, akamsogezea nusu yenye mfupa.

"Wewe ndiye unayependa mfupa," alisema.

Walikula. Nyama ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomshangaza Orpha, kwamba mdomo wake bado ulijua tofauti. Alimtazama Janvier akitafuna polepole, kovu dogo kwenye kidevu, ukosi mweupe alioupiga pasi mwenyewe, na akajiruhusu kumtazama kadiri alivyotaka.

Hapo ndipo Bi Gunnel aliposhuka ngazi, fimbo yake ikigonga kila hatua. Alikuja kama kawaida yake, saa tisa na nusu, kukagua glasi. Alipowaona kibandani alisimama. Janvier alianza kuinuka, yule bibi akamzuia kwa mkono. Alisogea karibu, akaona sahani, akaona nyuso zao, kisha akaiona picha.

"Ni nani?" aliuliza kwa Kiswidi.

"Mke wangu," alisema Janvier. "Na binti yangu. Wako hai."

Bi Gunnel aliichukua ile picha, akaipeleka karibu na dirisha, akaitazama kwa miwani na bila miwani. Alikuwa na orodha ya wageni wa harusi kwenye mkoba wake, Orpha alijua, kwani juzi tu alimuuliza kama Wakongomani wanakula viazi. Bibi aliirudisha picha mezani kwa uangalifu. Aliweka mkono wake wenye mishipa juu ya kichwa cha Orpha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akauacha hapo.

"Nenda nyumbani, Orpha," alisema. "Leo nitachoma mimi."

"Mama Gunnel, una miaka sabini na sita."

"Nilishika moto huo miaka thelathini kisirisiri, wakati mume wangu alipokuwa mlevi na wateja wakidhani ni yeye. Hawakuwa tayari kula nyama iliyochomwa na mwanamke. Nenda nyumbani."

Orpha alivaa koti. Janvier alimsindikiza hadi chini ya ngazi, siyo zaidi. Walisimama hapo.

"Utamwambia mtoto nini kuhusu mimi?" Orpha aliuliza. "Akiwa mkubwa, akiuliza baba yake aliishije kabla hawajaja."

"Nitamwambia kulikuwa na mama aliyewapa ruhusa ya kuja."

"Usimwambie hivyo. Mwambie ulikuwa na marafiki kazini."

Alimshika mkono, kama watu wanavyoagana kanisani, akapanda ngazi zote kumi na moja bila kugeuka. Juu kulikuwa na mwanga mkali wa alasiri, na watu wa soko la Hötorget wakiita bei ya machungwa.

Ndani ya treni ya Fisksätra alimpigia kaka yake. Alimweleza kwa maneno machache, macho yake dirishani, maji ya ghuba yakipita upande wa kushoto bado yana barafu. Upande wa pili Orpha alisikia mlango ukifungwa na kiti kikivutwa.

"Yaya?"

"Nipo." Sauti ya mzee ilikuwa imepasuka. "Nilitaka nikosee, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshanunua suti. Kila siku nilikuwa namwomba Mungu nikosee."

"Najua."

"Unanichukia?"

"Hapana. Usinipigie leo tu. Kesho."

Maombi alikuwa ametangulia kutoka shule. Alikuwa jikoni na vitabu vyake vimetandazwa mezani, akisikiliza muziki kwa sikio moja. Alimwona mama yake mlangoni saa ambayo hakupaswa kuwa nyumbani, amesimama na koti, hajavua viatu, mikono imelegea. Msichana aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama," alisema kwa Kiswidi. "Nani amekufa?"

Orpha alimwendea binti yake, akamshika uso kwa mikono yake miwili iliyonuka moshi.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Ndiyo habari yenyewe. Hakuna aliyekufa."

Kisha akamwegemea kwa uzito wake wote, na Maombi akamdaka.